Songea hadi Morogoro, Saa Moja na Dakika Tano

Nilimwambia mdogo wangu akapande ndege ambayo haipo. Sikuwa namtania. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua, ile ninayoitumia kumweleza mteja kwamba kitambaa chake hakitoshi mikono mirefu, na kwa sababu ya sauti hiyo mama yake alizikwa yeye akiwa hayupo. Kila nikilikumbuka jambo hili nasikia ukakasi mdomoni, kama mtu aliyelamba kipande cha sabuni akidhani ni jibini.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwangu, Tangini, Kibaha, hatua sita kutoka kitandani, na hizo hatua sita ndizo safari pekee ninayoifurahia. Nyumbani wananiita kuku anayeatamia. Wana haki. Kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya msiba huu safari yangu ndefu ilikuwa ya Mlandizi, nilikwenda kufuata vifungo, na nilirudi nikalala siku nzima. Watu wanadhani naogopa safari. Siogopi, naona kinyaa. Siti bado ina joto la makalio ya mtu nisiyemjua. Jirani anamenya yai la kuchemsha karibu na pua yangu. Mtu wa nyuma kavua viatu na ametulia kabisa, kama kafanya jambo la heri.

Lakini simu ninayo, bando halikatiki, na kidato cha nne nilimaliza nikiwa na C ya jiografia. Asiyesafiri ana muda mwingi wa kusoma safari za wenzake. Basi ukoo mzima, mtu akitaka kwenda Tanga au Dodoma, ananipigia mimi anielezee njia. Ni sawa na kumwuliza mwenye kipara mafuta mazuri ya nywele, lakini wananiuliza, na mimi najibu, na nikishajibu navimba kidogo.

Mama yangu mdogo alifariki alfajiri moja huko Chole, Chole yetu ya Kisarawe, siyo ile ya kisiwani. Ndiye aliyenilea kuanzia darasa la kwanza mpaka la nne, wakati mama yangu alipokuwa mgonjwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye mimi namwita mdogo wangu kwa sababu tumelala mkeka mmoja na kuchapwa kwa fimbo moja. Siku hizi ni fundi umeme Songea.

Aliyenipigia kwanza ni mjomba wetu, kaka yao akina mama.

"Mjomba, mama yako mdogo katutoka."

Nikasema innalillahi. Akaniambia watazika baada ya adhuhuri, nijitahidi niwahi. Hatujamaliza vizuri, simu ya Songea ikaingia. Mdogo wangu alikuwa analia, lakini akili yake ilikuwa kamili, kamili kuliko yangu.

"Kaka, kuna ndege ya Dar saa tatu asubuhi hii. Jamaa wa tiketi kaniambia imebaki nafasi moja. Naichukua. Nikishuka nakodi gari moja kwa moja Kisarawe, Maneromango, Chole. Saa nane nitakuwa nimefika. Mwambie mjomba wanisogezee mpaka alasiri."

Mpango ulikuwa mzuri. Nilitakiwa kusema "sawa" na kukata simu. Neno moja tu. Badala yake nikasema, "Ngoja kwanza."

Nikafungua simu, nikatafuta. Kuna kurasa za mtandaoni zinazokupa umbali na muda wa kuruka kati ya kiwanja chochote cha ndege na kingine. Nikaandika Songea, nikaandika Morogoro. Ikaja ramani ya Tanzania yenye mstari mwekundu ulionyooka, na juu ya mstari kijidege kimeinua pua. Umbali, kilomita mia nne themanini na kitu. Muda wa kuruka, saa moja na dakika tano.

Saa moja na dakika tano! Nilihisi kama ni mimi niliyekigundua kiwanja chenyewe.

"Achana na Dar," nikamwambia. "Dar utakaa kwenye foleni mpaka mama azikwe. Shukia Morogoro. Pale unakodi gari, unakuja na barabara kuu mpaka Mlandizi, unakata Mzenga, Maneromango, umefika. Hakuna foleni hata moja."

"Morogoro kuna ndege kutoka huku?"

"Nakusomea hapa. Imeandikwa mpaka dakika."

"Inaondoka saa ngapi?"

"Utauliza hapo hapo uwanjani. Hata ukiondoka saa sita, saa saba na dakika tano uko Morogoro."

Halafu, pamoja na kilio chake, akacheka kidogo. "Kaka, wewe mwenyewe hata Chalinze hujafika."

"Nimefika kwa jiografia."

"Haya, bwana. Wewe ndiye msomi."

Sasa niseme na lile ambalo sikumwambia, maana nikilificha hapa nitakuwa nimeongeza uchafu juu ya uchafu. Gari la kutoka Morogoro kwenda Mlandizi halifiki Kibaha. Lakini kutoka Mlandizi mpaka kwangu ni mwendo mfupi, na nilishapiga hesabu kwamba nikimwomba atapitiliza, anichukue mlangoni, turudi wote. Kama angeshukia Dar, mimi ningelazimika kwenda Chole kwa usafiri wangu, kwa kubadilisha magari, kwa vumbi, kwa mayai ya kuchemsha. Mama aliyenilea amelala ndani amefunikwa kanga, mimi nachora njia ili nipate lifti.

Nikampigia mjomba. "Mwanawe anakuja na ndege, mjomba. Tusogeze mpaka alasiri."

"Alasiri? Kwa joto hili?"

"Ndege, mjomba. Saa moja na dakika tano tu."

Neno ndege lilifanya kazi yake. Ukoo wetu haujawahi kupokea mtu wa ndege msibani. Mjomba akashauriana na mwalimu wa msikiti, wakakubali. Mimi nikapiga pasi kanzu, nikaiweka kwenye mfuko, nikakaa barazani na kikombe cha chai kuisubiri lifti yangu. Chai ile niliinywa kwa raha. Natamani nisiseme hivyo, lakini niliinywa kwa raha.

Haijafika saa tatu, simu ikaita.

"Kaka, niko uwanjani. Huyu dada wa dirishani anacheka."

"Anacheka nini?"

"Anasema tangu aanze kazi hajawahi kusikia ndege ya abiria ya Songea kwenda Morogoro. Anasema labda ya kunguru."

"Mwambie aangalie vizuri. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi, kaka? Nimemwonyesha ile picha ya ramani uliyonitumia. Kasema huu ni umbali. Siyo ratiba."

Nikaufungua tena ule ukurasa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, walieleza kwamba muda huo ni wa makadirio, kwa mstari ulionyooka, na haumaanishi kwamba kuna ndege inayofanya safari hiyo. Yaani mtu kakaa mahali, kapitisha rula juu ya milima na mapori, kagawanya kwa mwendo wa ndege, halafu kapachika dakika. Kwa hesabu hiyo hata kati ya banda langu la kuku na msikiti wa Makka kuna muda wa kuruka. Baadaye nilijaribu kuwalaumu hao waliochora mstari. Haikufaa. Wao waliandika chini. Mimi nilisoma juu.

"Na ile ya Dar?" nikauliza.

"Nafasi niliiachia. Kachukua mwingine." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo. "Ndiyo hiyo inaondoka. Naiona hapa kwenye nyavu za uzio."

Mngurumo ukapanda, ukafifia, ukaisha. Kisha akasema kwa utaratibu, kama mtu anayempa mtoto maagizo ya dukani:

"Kaka, nisikilize. Nakodi gari sasa hivi, nakuja na barabara. Leo sifiki mapema, unajua. Mpigie mjomba umwambie ukweli wote. Kama hawawezi kunisubiri, sawa, ni amri ya Mungu. Ila wajue, waamue wakijua. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Niahidi."

"Naahidi."

Na sikupiga. Nilishika simu, nikatafuta jina la mjomba, nikaliangalia. Nilishamwambia "saa moja na dakika tano" kwa mbwembwe zote zile. Sasa nimwambie nini? Nikajiambia nitamwambia nikifika, uso kwa uso, kiungwana. Neno kiungwana huwa nalitoa ninapotaka kufanya jambo la kishenzi.

Nilikwenda kwa bodaboda. Mlandizi mpaka Mzenga nilimeza vumbi la kutosha kujenga tanuri. Dereva alikuwa anatema mate upande, na upepo ulikuwa unanigawia. Nilikuwa nawaza yale mate muda wote. Siyo mama mdogo, wala mdogo wangu aliyekuwa anakata milima ya Njombe kwenye gari la watu. Mate ya dereva.

Nilifika Chole adhuhuri imekwisha kusaliwa. Turubai limefungwa, wanaume wamejaa mikekani, wanawake ndani na uani. Kila niliyempa shikamoo aliitikia marahaba na kuongeza swali: "Ndege imeshatua?"

"Yuko njiani," nilijibu.

Lilikuwa neno la kweli. Nililitumia mara kumi, ishirini, na kila mara lilikuwa la kweli na kila mara lilinuka. Mjomba alinishika bega: "Umefanya la maana, mjomba. Mwana lazima amteremshe mama yake." Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Hapo ndipo akaja mtani wetu. Sisi Wazaramo tuna utani na Wanyamwezi tangu enzi za mababu, na msibani mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo mwingine yeyote: anaweza kulikalia jeneza, kuuficha ungo wa wali, kumsema marehemu kwamba kafa makusudi ili akwepe zamu ya kupika. Huyu ni mzee wa makamo mwenye mashine ya kusaga Maneromango, na mwilini bado alikuwa mweupe kwa unga. Alishasikia habari za ndege. Akatanua mikono, akaanza kunguruma, akalizunguka turubai akipinda huku na huku.

"Tokeni uwanjani! Tokeni, Wazaramo! Chole haina lami, nashukia kwenye mihogo yenu!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mwalimu wa msikiti alificha mdomo kwa kiganja.

"Marehemu hazikwi mpaka nitue! Mmezoea kuzikana kwa baiskeli, leo mnazikana kwa mabawa!" Akasimama mbele yangu, akanielekezea kidole chenye unga. "Na rubani wangu ni huyu hapa! Fundi cherehani! Ndege yake anaiendesha kwa mguu!"

Nikacheka. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko yote ya siku ile. Nilijua ndege haipo, nilijua mdogo wangu yuko wapi, na nikacheka kwa sauti, nikapiga na makofi, nikamjibu mtani, "Funga mkanda wewe, utatapika unga wako!" Watu wakazidi kucheka. Nilikuwa nafurahisha msiba.

Ndani hakukuwa na kicheko. Marehemu alishaoshwa, alishavishwa sanda tangu asubuhi kwa kuwa walitegemea adhuhuri. Joto la Chole siku ile lilikuwa la kukaanga. Nilipokwenda kuwapa pole wanawake nilisimama mlangoni, na chini ya udi, chini ya karafuu maiti, palikuwa pameanza kuwa na harufu nyingine. Mama yangu mdogo alikuwa mtu wa kuoga mara tatu kwa siku na kufukiza mpaka nguo za kulimia. Mwanamke mmoja alitoka nje, akajifunika pua kwa pembe ya kanga, akavuta hewa, akarudi ndani. Alimsitiri mwenzake. Mimi niliyemfikisha pale nikarudi mkekani.

Alasiri ikasaliwa. Mjomba akaniita nyuma ya jiko.

"Mjomba, niambie. Kafika wapi?"

Simu ilishaniletea ujumbe wa mwisho kabla mtandao haujakatika. "Makambako," nikasema.

Alinitazama. Ni mzee, lakini aliwahi kuwa tingo wa lori na barabara hiyo anaijua. "Makambako ndege inafuata nini?"

"Yuko kwenye gari."

"Umejua lini?"

"Asubuhi. Saa tatu."

Mjomba hakupiga kelele. Alivua kofia, akajipangusa kichwa, akaivaa tena.

"Ungesema saa tatu," alisema, "tungempeleka hospitali Kisarawe, akalala kwenye ubaridi, mwanawe akafika usiku, tukazika kesho asubuhi. Gari lilikuwepo. Lilikuwa limesimama hapa hapa, lilileta mchele. Sasa limeondoka, na yeye ndani hawezi tena kusubiri. Umesikia harufu?"

"Nimesikia."

Akatema mate chini. Hakunitemea mimi, lakini yaliangukia karibu na kiatu changu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuona kinyaa cha mate ya mtu.

Tulimsalia, tukambeba. Makaburi yako kwenye mikorosho, hayako mbali. Kaburini huwa wanashuka wanaume wa karibu, wale ambao wangeruhusiwa kumwona bila ushungi alipokuwa hai. Mjomba akashuka, na mtoto wa kaka mwingine wa marehemu. Ilibaki nafasi ya kichwani, ambayo ni ya mwana.

"Shuka wewe," mjomba akaniambia.

Alisema bila hasira, mbele za watu. Nikashuka. Nikampokea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na shingo yake nikaiweka kwenye mkono wangu kama alivyokuwa akiiweka yangu nilipokuwa na homa. Tukamlaza kwenye mwanandani, mjomba akafungua kamba za sanda. Mtandao wa Chole, ambao ulikuwa umekatika tangu kabla ya alasiri, ukarudi wakati ule ule. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa kanzu, kwenye paja langu, mle ndani ya kaburi. Nilijua ni nani. Ilitetemeka mpaka ikachoka, ikaanza tena. Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya kichwa cha mama yake.

Nilipotoka nikampigia.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Akakata.

Angalau ningemsubiri. Mtu mwenye haya angemsubiri. Mimi nilimwaga mjomba jioni ile ile, nikasema nina sare za watu za harusi zinangoja, nikatafuta bodaboda, nikarudi Tangini kwenye hatua zangu sita. Niliambiwa kwamba mdogo wangu alifika alfajiri kwa sababu gari liliwaharibikia njiani, na hakuingia nyumbani. Alipitiliza kaburini, akachuchumaa pale mpaka jua likamkuta. Alipouliza nani alishuka kichwani akatajiwa mimi. Akauliza niko wapi. Wakamwambia, kaenda kushona.

Alikaa Chole siku saba, akarudi Songea, hakupitia kwangu. Siku ya arobaini sikwenda, nilisingizia tumbo. Nampigia, hapokei. Nimemwandikia ujumbe mrefu, ule wa kusogeza kwa kidole, nikaeleza mambo ya rula na mstari ulionyooka, nikaomba radhi kwa aya tatu. Akajibu mara moja tu:

"Kaka, nimeziona simu zako. La kusikia kwenye simu sina. Njoo Songea uniambie usoni."

Ujumbe huo nimekaa nao miezi. Kila wiki nasema wiki ijayo. Nauli ninayo. Kazi hainizuii, hata ingenizuia ningeisingizia tu.

Juzi jirani yangu alileta gauni nimpunguzie urefu. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Mbeya, karani mstaafu, nyumba zetu zinagusana ukuta. Njia ile ameipita miaka yote kwenda kwao na kurudi. Akakaa kwenye stuli, akaniuliza mbona nimekonda kama uzi wangu. Nikamsimulia yote, kuanzia kijidege kilichoinua pua mpaka ujumbe wa mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza, anang'ata mua, maganda anayaweka vizuri kwenye karatasi.

"Sasa unakwenda lini?" akauliza.

Nikamwambia, mama, siyo kwamba sitaki. Lakini basi linaondoka alfajiri, kutwa nzima uko ndani, Chalinze, Mikumi, kona za Kitonga, na kwenye kona hizo lazima mtu mmoja atapike kwenye mfuko, na mfuko lazima utoboke. Halafu wanasimamisha dakika kumi mchimbe dawa, watu mia kwenye matundu manne ya choo, sakafu imelowa na hujui imelowa nini, ndoo moja, kopo moja limeshikwa na kila mkono. Mimi, mama, siwezi. Labda nipate mtu wa gari binafsi anayekwenda huko. Au nisubiri aje mwenyewe likizo.

Akatema kipande cha mua kwenye karatasi yake, akaifunga, akasimama, akanitazama pale nilipokaa nyuma ya mashine.

"Mwenzio hakumzika mama yake, wewe unalilia choo cha stendi."